Uji wa Kalondu

Watu wa Gatuanyaga walikuwa wakisema kwamba Mwongeli, mke wa Mbaluka, aliweza kumdharau hata mgeni ambaye hajafika. Alimdharau Mhindi wa duka kule Thika aliyepima sukari huku kidole gumba kikiwa kwenye mizani. Alimdharau mchungaji aliyehubiri macho yamefungwa, labda kwa kuogopa kuona waliolala. Mumewe alimdharau kwa upole kidogo, kwa sababu walikuwa wamezaa watoto watano, lakini mwanamume anayefikiria siku tatu kabla ya kununua kamba ya mbuzi hawezi kutegemea heshima ya kila siku.

Kwa hiyo uvimbe ulipoanza katika titi lake la kushoto, mwaka wa hamsini na sita, aliudharau pia. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa mgumu na haukuuma, na Mwongeli aliona kwamba kitu kisichouma hakistahili kutajwa. Alisuka viondo vyake, akavibeba mpaka soko la Thika, akarudi na chumvi na mafuta ya taa, na uvimbe akaenda nao na kurudi nao. Mwaka ukaisha. Chuchu ikaanza kuvutwa ndani. Siku moja mwanawe Kitheka, aliyefanya kazi katika kiwanda cha ngozi, alimwona akishika kifua alipokuwa akiinua kuni, akamwuliza ana nini, na mama huyu akaziacha kuni chini. Kesho yake Kitheka akampeleka hospitali ya Thika.

Daktari Mzungu alikuwa akija kutoka Nairobi Jumatano moja na kuruka nyingine. Alimpapasa, akaongea kwa Kiingereza, na Sista Idah akaleta maneno yale kwa Kiswahili. Titi litakatwa. Lote. Likikatwa sasa, kabla uvimbe haujahamia kwapani, kuna tumaini. Ukishafika kwapani na kutulia huko, hakuna kisu kitakachoufukuza.

Mwongeli akasema mtu aliyekuja kwa gari ana haraka ya kurudi kwa gari, ndiyo maana anataka kukata. Hata hivyo alibaki. Kitheka alikuwa amesimama mlangoni akiwa bado na harufu ya kazi, na macho yake yalikuwa yale ya utotoni, ya siku alipoumwa na nyoka.

Alipewa kitanda katikati ya wanawake wawili, na wote wawili akawadharau kabla ya chakula cha mchana.

Kulia kwake alikuwa Awiti, mke wa fundi wa reli. Huyo alikuwa amekatwa miezi mitatu iliyopita na alirudi kwa sababu mkono wake ulivimba. Kila asubuhi alisimama mbele ya ukuta, akaweka vidole chini, akavipandisha polepole kimoja baada ya kingine mpaka uso ukakunjamana kwa maumivu. Pale alipofika alitia alama kwa mkaa. Alimwambia Mwongeli aanze mapema, kabla ya kukatwa, ili mkono uijue njia. Ukingoja kidonda, alisema, mkono utaganda ubavuni na hutaweza tena kujitwika hata maji. Mwongeli alimjibu kwamba yeye amebeba kuni miaka thelathini na hahitaji kufundishwa kukwaruza nyumba ya serikali.

Kushoto alikuwa Gathoni. Alitoka Gatongora, upande wa Ruiru, katika moja ya vile vijiji vya hali ya hatari vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa, ambako mtu hakutoka bila karatasi. Karatasi yake ilimpa wiki tatu. Aliifunga ndani ya kitambaa cha kichwani na kuigusa kila mara, nayo ilizihesabu siku zake vizuri kuliko alivyozihesabu yeye. Mumewe alikuwa kizuizini, na mama mkwe wake hakuruhusiwa kupita langoni, kwa hiyo saa ya wageni Gathoni alilala akitazama dari. Naye alikuwa akingoja kukatwa, lakini Jumatano ya daktari iliyofuata ile ya Mwongeli, siku ile ile karatasi ingeisha. Alikuwa mwoga na hakuficha. Mwongeli aliona hilo ni upungufu wa adabu.

Sasa aje Kalondu, maana bila yeye hakuna hadithi. Kalondu alikuwa dada mkubwa wa Mbaluka, mwanamke mpana, mwenye miguu isiyochoka. Tangu Mwongeli alazwe, Kalondu alihamia kwa jamaa zake pale mjini, na alileta kibuyu cha uji mchachu wa wimbi asubuhi moja na kupumzika nyingine. Mtu wa mbali angesema huo ni upendo, naye hangekosea sana. Lakini palikuwa na jambo la zamani. Mwaka wa arobaini na tisa mbuzi wanne wa Mwongeli walikufa kwa wiki moja, na Mwongeli, kwa ule mdomo wake, akasema mbele ya watu kwamba Kalondu alipita kwenye zizi lile jana yake. Hakusema zaidi. Hakuhitaji kusema zaidi. Neno uchawi likatembea Gatuanyaga yote, na kulirudisha nyumbani kulichukua vikao sita na fahali mmoja wa upatanisho. Tangu siku hiyo, kila alichopika Kalondu, Mwongeli alikula mbele ya macho yake mpaka mwisho. Kukiacha chakula ni kumwambia aliyekileta kwamba umeona sumu ndani. Kibuyu cha Kalondu kikirudi na uji, ukoo wote ungekaa tena.

Jumanne jioni Sista Idah akatundika kadi kwenye kitanda cha Mwongeli na kusema asile wala asinywe kitu mpaka atoke chumba cha upasuaji. Hakusema kwa nini. Sista Idah alikuwa na vitanda vingi na miguu miwili, na aliamini kwamba amri ikitolewa kwa sauti kubwa haihitaji sababu. Mwongeli akatafuta sababu mwenyewe, akaipata: wanamnyima chakula ili asiwe na nguvu ya kukataa.

Asubuhi, kabla ya daktari kufika, Kalondu akaingia na kibuyu. Akasema nyumba ya Mbaluka haipeleki mtu kwenye kisu na njaa. Mwongeli akakipokea. Akanywa.

Gathoni aliyaona hayo kutoka kitandani kwake. Yeye hakuwa amekula tangu jana mchana, si kwa amri, kwa hofu tu, posho ilikuwa imemkataa kooni. Alisema kwa sauti ndogo, "Mama Kitheka, wamekukataza."

Mwongeli alimtazama toka kitambaa cha kichwa mpaka vidole vya miguu. "Wewe hujaletewa kitu," akasema, "ndiyo sababu unaona kuna amri."

Gathoni akageukia ukuta. Uji uliobaki Mwongeli aliumaliza taratibu, na hakumpa hata tone.

Walipokuja na kitanda cha magurudumu, Sista Idah akauliza kama amekula. Mwongeli aliudharau uongo kuliko vitu vyote, maana uongo ni kazi ya watu waoga. Akasema amekunywa uji, na ulikuwa mzuri. Sista Idah akafunga macho kidogo, akaenda. Daktari akaja mwenyewe. Hakupiga kelele, alitazama saa yake tu, kisha akauliza ni nani mwingine ambaye hajala. Basi Gathoni, ambaye siku yake ilikuwa bado wiki mbili, akainuliwa akitetemeka na kusukumwa nje ya wodi mahali pa Mwongeli.

Kabla ya kumfuata, daktari aliacha maneno, na Sista Idah akayafikisha yote. Mwongeli atangoja wiki mbili. Uvimbe tayari unaelekea kwapani. Siku hiyo akikutwa amekula tena, atarudishwa nyumbani, na asirudi, kwa sababu hakutakuwa na kazi ya kufanya.

Gathoni alirudishwa alasiri, amefungwa bandeji kifua kizima, uso wa kijivu. Alipoanza kuamka alitapika. Tumboni hamkuwa na kitu na bado alitapika maji ya kijani mpaka jioni, huku Awiti akimshikilia kichwa kwa mkono wake mzima. Mwongeli alikaa kitandani akitazama. Hatimaye akauliza, bila kumtazama mtu, kama ni kila mmoja anatapika hivyo.

Awiti hakuwa mtu wa kupaka maneno mafuta. "Wengi," akasema. "Na ukiwa umelala ile usingizi yao, hujui kutapika. Uji inarudi, inaingia kwa kifua. Unakufa na ziwa zako zote mbili. Wakati yangu kulikuwa na mama alificha ndizi chini ya mto. Hakurudi kwa hii wodi."

Hapo ndipo Mwongeli alipoogopa. Aliogopa vizuri, mwili mzima, kama mtu yeyote. Alitafuta dharau yake aifunike ile hofu nayo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuipata. Alimfikiria Kitheka mlangoni. Akafikiria pia kwamba yule mwoga wa kushoto alikuwa ameingia kule badala yake, akatoka, na yeye shujaa amebaki na uji tumboni.

Siku ya tatu, watu walipolala baada ya chakula cha mchana, aliteremka, akasimama mbele ya ukuta na kupandisha vidole vya mkono wa kushoto. Ulipanda bila taabu. Aliona aibu, akarudia. Awiti alikuwa macho, lakini alikoroma kwa nguvu ili mwenzake asione haya, na alikoroma vibaya sana, maana hakuna anayekoroma huku akimeza mate.

Gathoni alipopata sauti alianza kumweleza. Hakuficha hata jambo moja kati ya yale ambayo manesi hawakuyataja. Meza ni ya baridi, omba blanketi kabla hujalala, ukisema mapema watakupa. Watakuwekea kitu puani chenye harufu ya kuchoma, utadhani unaanguka kisimani, usishike mtu, anguka tu. Ukiamka utasikia titi bado lipo na linakuwasha, usilitafute kwa mkono. Siku ya kwanza wakifungua bandeji tazama dirisha. Siku ya pili tazama, kwa sababu usipotazama siku ya pili hutatazama tena. Aliyasema haya yote kwa kejeli, akivuta pumzi kwa shida.

"Kama mimi mwoga nimeweza," akamalizia, "hata wewe utaweza. Si unajua kila kitu?"

Mwongeli alistahili lile neno, na alijua.

Likabaki jambo la Kalondu. Jumatano inakuja, na kibuyu kinakuja nayo. Awiti akauliza kwa nini asimwambie tu kwamba daktari amekataza. Ikambidi Mwongeli aeleze habari ya mbuzi wanne. Hakuwahi kuieleza kwa mtu, kwa sababu Gatuanyaga kila mtu aliijua, na sasa alipoieleza kwa wageni, neno kwa neno, aliisikia ilivyo. Alisema, kwa sauti ya mtu anayeng'oa mwiba, kwamba mbuzi wale walikula majani mabaya. Alilijua hilo wiki ile ile. Vikao sita alikaa akilijua.

Wanawake wale wawili hawakumfariji. Gathoni alisema, "Kumbe." Awiti alisema wanawake wengine wanakatwa kifua wakati mdomo ndiyo mgonjwa. Kisha wakaanza kushauriana. Kumzuia mlangoni haikufaa, kwa sababu dresa, yule mfunga vidonda aliyelinda mlango, alimruhusu kila aliyemletea ugoro, na hata akizuiwa angerudi na kibuyu kimejaa, jambo lile lile. Kumwaga chini ya kitanda haikufaa, Kalondu hakuondoka mpaka aone tone la mwisho likimezwa. Kitheka alimwomba baba yake aongee na dada yake. Mbaluka alijibu kwamba atalifikiria jambo hilo, na hadi wiki mbili zilipoisha bado alikuwa akifikiria.

Jumanne usiku Mwongeli alikuwa bado hana la kufanya. Kadi ilitundikwa. Alisema akiingia Kalondu atakataa, na ukoo ukae vikao vyake, lakini alijua kwamba akiona uso ule mpana ukianza kukunjika atakipokea kile kibuyu. Deni lake kwa Kalondu lilikuwa la kweli, na hakuwa amelilipa bado kwa kweli. Mkono wake ungeenda wenyewe.

Asubuhi Kalondu akaingia. Safari hii kibuyu kilikuwa kikubwa zaidi. Akasimama katikati ya vitanda, akasema yale yale, kwamba nyumba ya Mbaluka haipeleki mtu kwenye kisu na njaa, akakitoa. Mikono ya Mwongeli ikainuka.

Gathoni alikuwa ameshuka kitandani. Alikuwa amevaa nguo yake ya nyumbani, kwa sababu karatasi yake iliisha siku hiyo na lori la kahawa la saa nne lingempeleka Ruiru. Mkono mmoja ulifungwa kifuani. Kwa ule mwingine akakishika kibuyu kabla Mwongeli hajakigusa, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Mama," akamwambia Kalondu, "wiki tatu nimelala hapa na hakuna mtu ameniletea uji. Hata siku moja."

Akanywa. Kalondu alifungua mdomo, akatazama ile bandeji, akaufunga. Ni nani atakayempokonya mgonjwa chakula kinywani mbele ya vitanda vinane? Gathoni alipumua, akanywa tena. Koo lake jembamba lilipanda na kushuka, jasho likamtoka kwenye paji, na kibuyu kikaendelea kuinuka. Akapumzika mara ya pili. Mara ya tatu akakigeuza juu chini, akakitikisa, na hakikudondosha kitu. Akamrudishia mwenyewe kwa heshima zote.

Kalondu alikichungulia ndani kile kibuyu kitupu. Hakuna uji uliokataliwa. "Huyu alikuwa na njaa," akasema mwishowe, kwa mshangao wa mtu aliyegundua jambo la aibu ya serikali. "Kwani hawa hawapewi chakula?"

Mwongeli ndiye aliyejibu. Alisema, "Dada, ukija tena leta viwili." Kisha, kwa kuwa kitanda cha magurudumu kilikuwa kinasikika kwenye ujia wa wodi na huenda nafasi isipatikane tena, akaongeza, "Na wale mbuzi walikula majani. Nilijua."

Kalondu alisimama na kibuyu chake. Alisema tu kwamba hayo watayaongea nyumbani, kwa hiyo arudi nyumbani.

Walipomsukuma nje, Gathoni alikuwa amejikunja kitandani akishika tumbo lililojaa pomoni. "Ni chachu sana hii uji," akamwambia Mwongeli alipopita. "Kwetu hii tunapatia mbwa." Mwongeli alitaka kucheka lakini meno yaligongana. Aliomba blanketi kabla hajalazwa, na walimpa.

Alipoamka alisikia titi likimwasha na hakulitafuta. Akageuza kichwa kushoto. Kitanda kile kilikuwa kimeshatandikwa upya, kimenyooshwa shuka, na hakuna mtu.

Uvimbe ulikutwa haujafika kwapani. Kalondu alieleza Gatuanyaga yote kwamba ni uji wake uliomponya wifi yake, na Mwongeli, ambaye hakuwahi kuuacha upumbavu upite bila kuutemea mate, akauacha huo upite. Kwenye kikao alisimama mwenyewe, akasema habari ya majani mbele ya wazee wale wale. Wazee walikasirika zaidi kwa sababu ya fahali, ambaye walikuwa wamekwisha kumla.

Mwezi wa nne baada ya kukatwa, alipika uji wa wimbi, akauacha uchache, akaujaza kibuyu na kupanda lori hadi Ruiru. Kutoka hapo alikwenda kwa miguu mpaka kijiji cha Gatongora. Langoni askari wa kijiji alimzuia kwa bunduki na kumwuliza Mkamba anamtafuta nani huku.

"Wifi yangu," akasema Mwongeli. "Gathoni."

Askari akacheka. Mkamba amepata wapi wifi ndani ya handaki hili? Mwongeli akamtazama toka kofia iliyomzidi kichwa mpaka viatu viwili visivyofanana, na dharau yake yote ya zamani ikarudi, nzima, haina hata kovu. Askari aliacha kucheka, akatazama viatu vyake, akamwonyesha nyumba.

Gathoni alikuwa amekonda. Alikipokea kibuyu kwa mkono mmoja, akanywa akiwa amesimama, akakigeuza juu chini. "Ile ya Kalondu ilikuwa mbaya kushinda hii," akasema. "Lakini si kwa mbali."

Mwongeli akamwuliza habari ya mkono. Gathoni alisema kazi ya kuchimba handaki haikungoja kidonda, na nafasi ya kukwaruza ukuta hakuipata. Basi Mwongeli akamshika, wakasimama bega kwa bega mbele ya ukuta wa udongo, wakaweka vidole chini na kuanza kupandisha. Vya Gathoni vilifika usawa wa bega vikakwama, vinatetemeka. Mkono wa Mwongeli ulikuwa ukifika juu ya kichwa tangu mwezi uliopita, na Kalondu alikuwa shahidi. Aliusimamisha pale pale begani, akakunja uso, akasema kwamba hata wake unaishia hapo, na kwamba Awiti aliwadanganya wote wawili.

"Muongo," akasema Gathoni, akapandisha kidole kimoja tena.